Wakuu, OS yangu inaandika kwa kujikongoja, ninunue kadi gani ya grafiki?

Mtoto wa Ubungo: Habari wakuu, natengeneza OS yangu, mfumo endeshi wa kompyuta, toka mwaka jana, keneli (kiini chake) inawaka, kibodi inasoma, ila konsoli, ile skrini ya maandishi matupu, imenishinda, maandishi yakishajaa yakianza kupanda kila mstari unajivuta kama mgonjwa kwenye ngazi, nikiorodhesha faili naenda kunywa chai narudi bado. Kadi ipi nzuri isiyozidi laki 2? Silali.

Fundi Redio: Kadi ya nini tena mkuu? Unachorea VGA ya maandishi, ile kadi inachora herufi yenyewe, au fremubafa, ile kumbukumbu ya skrini unayojaza nukta moja moja?

Bi Mkora: Wenzio wanatafuta ajira ww unashona Windows. Umeoa lakini?

Kipara Ngoto: Enzi zetu skrini 80 kwa 25, kila herufi baiti 2, jumla 4000 basi, na prosesa ya 386 ilikuwa inapepea. Nakumbuka monita yetu ofisini paka alikuwa analala juu kwa ajili ya joto, siku moja akajifungulia hapo hapo

Mtoto wa Ubungo: Fremubafa, 1920 kwa 1080. Ila kwenye QEMU, ile kompyuta ya kuigiza, inaruka kama umeme, kwa hiyo msimbo wangu (code) hauna shida, shida mashine.

Fundi Redio: Sijauliza shida iko wapi. Mstari ukipanda unafanyaje?

Mtoto wa Ubungo: Nanakili skrini yote kwenda juu... nasoma humo humo kwenye fremubafa. Na kadi nishatanguliza elfu 80, msinikatishe tamaa.

Fundi Redio: Ungesema toka mwanzo!! Hizo ni baiti zaidi ya milioni 8 kwa kila mstari, tena unazisoma kwenye kumbukumbu ambayo prosesa haiweki kache (nakala ya karibu), kuandika huko kunavumilika ila kusoma ni kifo, kila kipande unasubiri jibu lirudi kwa PCI, njia inayounganisha kadi na prosesa. QEMU inakudanganya, fremubafa yake ni RAM ya kawaida tu. Weka jedwali la herufi kwenye RAM, fonti ya 8 kwa 16 inakupa safu 240 mistari 67, kupandisha iwe kubadili namba ya mstari wa kwanza tu, jedwali linazunguka, halafu chora seli zilizobadilika basi. Fremubafa iandike, usiisome kabisa. Na ikija mistari 50 kwa mpigo chora mara moja mwishoni, nani atasoma ya katikati?

Mzee wa Kodi: Hii chai. Mtu kaandika keneli halafu hilo halijui? Weka picha.

Bi Mkora: Na sukari imezidi 😂

Kipara Ngoto: Linus Torvalds aliyeunda Linux naye 1991 alianza na kiprogramu cha terminal tu, mngemwambia chai.

Mtoto wa Ubungo: Picha sina, simu imepasuka kamera. Ila nimejaribu jedwali, orodha inapita hata siioni. Sasa jamaa wa kadi anasema hela hairudi, si nimalizie tu, itanifaa mbeleni?

Fundi Redio: Draiva yake, programu ya kuiendesha, unayo?

Mtoto wa Ubungo: Nitaandika.

Mzee wa Kodi: Chai.