Je, ibada ndiyo inayompunguzia mtu pombe, au mnywaji ndiye anayeikimbia ibada?

Mwana wa Kihambani

Ndugu zangu, nawasalimu kwa heshima. Nimezaliwa Rombo, katika familia ya Kikatoliki ambamo mbege, pombe yetu ya ndizi, haikuwahi kuwa siri. Mama yangu, ambaye ni kiongozi wa jumuiya ndogo ndogo, hunywa kata moja Jumapili baada ya misa, na tangu nipate akili sijamwona amelewa. Mdogo wangu amelelewa katika nyumba hiyo hiyo. Alianza na mbege kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, akahamia Dar es Salaam, akaingia kwenye viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, kabla havijapigwa marufuku mwaka 2017, kisha akaishia kwenye gongo, pombe kali ya kienyeji. Miaka mitatu iliyopita aliokoka katika kanisa moja la kipentekoste na akaacha kabisa kwa miezi 14, nasi tukaamini kwamba jambo limekwisha. Jioni moja akanywa msibani. Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani, kwa maelezo kwamba hawezi kurudi mahali aliposimama mbele ya watu akatoa ushuhuda, na sasa anakunywa kuliko zamani.

Watu wengi huniambia kwamba dawa ya pombe ni dini. Swali langu ni hili: je, ni kweli kwamba kushiriki dini hupunguza ulevi, au sisi huwaona waumini wakiwa na kiasi kwa sababu tu wale walioshindwa kujizuia wamekwisha kuondoka na hatuwahesabu tena? Naomba majibu ya watu waliolifikiri jambo hili, kwa sababu ninatakiwa kuamua nimsaidie vipi mdogo wangu.

Mwalimu wa Dodoma

Ndugu yangu, umeuliza swali ambalo watafiti wa elimu ya jamii wamehangaika nalo kwa miongo mingi, na jibu fupi ni kwamba mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Tafiti zilizowafuatilia vijana kwa miaka kadhaa zimeonyesha mara nyingi kwamba anayehudhuria ibada kwa bidii huwa na uwezekano mdogo wa kuingia katika ulevi baadaye, lakini zimeonyesha pia kwamba anayeanza kunywa sana hupunguza kuhudhuria. Anayesimama mlangoni mwa kanisa siku ya Jumapili akahesabu walevi, atawahesabu waliofika tu. Tena kuna suala la ukweli wa majibu, kwa maana muumini wa dini inayokataza pombe ana sababu nzito ya kumficha mtafiti anachokunywa.

Linalonivutia zaidi katika maelezo yako, hata hivyo, ni tofauti kati ya mama yako na kanisa la mdogo wako. Katikati ya karne ya 20, wanazuoni wa Marekani waliona kwamba Wayahudi wengi wa nchi hiyo walikuwa wakinywa, lakini ulevi wa kupindukia ulikuwa nadra sana kwao. Mtoto aliionja divai mezani jioni ya Sabato, mbele ya wazazi, pamoja na sala, akakua akijua kwamba kinywaji kina mahali pake na kipimo chake. Kwa upande mwingine wako Wamormoni, wafuasi wa dhehebu lililoanzia Marekani, wa jimbo la Utah, ambao tangu mwaka 1833 wana fundisho la kujiepusha na pombe, na jimbo lao limekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa majimbo yenye unywaji mdogo kabisa nchini humo. Kwa hiyo njia ya kiasi na njia ya kuacha kabisa zote zimewahi kufanya kazi, lakini kila moja ina udhaifu wake. Katika njia ya pili, mtu aliyezoea kuambiwa kwamba tone moja ni sawa na kuanguka kabisa, hana ngazi ya kati ya kusimama juu yake baada ya tone lile. Kama ameanguka tayari, kwa nini asimalize chupa? Nadhani hilo ndilo lililompata mdogo wako msibani. Udhaifu wa njia ya kwanza ni kwamba haimfai aliyekwisha kuwa mtegemezi wa pombe. Kipimo cha mama yako hakiwezi kuwa kipimo cha mwanawe.

Niongeze jambo moja ambalo si la dini. Mbege hupikwa kwa siku kadhaa, hunywewa mbele ya wazee, na huchachuka upesi ikikaa. Gongo haina masharti hayo. Tusiwape wamisionari waliofika Kilimanjaro miaka ya 1890 sifa au lawama ambazo kwa sehemu ni za aina ya kinywaji chenyewe.

Bin Salim wa Tanga

Mwalimu ameeleza vizuri, nami ningependa kuongeza upande wa Uislamu, maana watu hudhani kwamba kwetu ni suala la katazo peke yake. Katazo lenyewe halikuja siku moja. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 219, inasemwa kwamba katika pombe na kamari mna dhambi kubwa na manufaa kwa watu, na kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Katika An-Nisaa, aya ya 43, waumini wanaambiwa wasiikaribie sala hali wamelewa, mpaka wayajue wanayoyasema. Katazo kamili limo katika Al-Maida, aya ya 90 na 91.

Naomba uitazame ile hatua ya kati. Anayesali sala tano kwa wakati wake ana saa chache sana za kulewa na kulevuka: baina ya Alfajiri na Adhuhuri, au usiku baada ya Isha. Ratiba ya ibada peke yake inaibana pombe, hata kabla mtu hajaulizwa kama ni haramu. Mtaani kwetu nimewaona watu wanaokunywa mwaka mzima wakaacha Ramadhani yote, si kwa sababu imani yao imebadilika kwa usiku mmoja, bali kwa sababu nyumba nzima inaamka kula daku na jioni wote wanasubiri futari pamoja. Idi ikipita, wengine hurudi kule kule. Kwa maoni yangu jina la dini halimzuii mtu. Kinachomzuia ni saa anazokaa ndani yake na watu anaokaa nao. Wapo walevi wengi wenye majina kama langu.

Nesi Mstaafu

Wanangu, nimewasoma kwa makini, lakini kuna jambo linalotakiwa kutangulia mengine yote. Huyu kijana asiachishwe pombe ghafla nyumbani, wala asipelekwe kwanza kwenye maombi ya kufunga.

Mtu anayekunywa sana kila siku, akikatisha kwa mara moja, mwili wake huweza kuasi. Huanza kwa kutetemeka mikono, jasho, kutapika na kukosa usingizi. Anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona wadudu ukutani na kusikia sauti za watu wasiokuwepo. Nimepokea wagonjwa wa namna hiyo waliocheleweshwa siku tatu kwa sababu walionekana wana pepo, huku hawali wala hawanywi maji. Hali hiyo huua. Hospitalini tunazo dawa za kutuliza mwili katika siku hizo, na tunampa vitamini B1 ambayo mlevi wa muda mrefu huwa amepungukiwa. Nasema haya nikiwa muumini, na wagonjwa wengi nimewaombea mimi mwenyewe baada ya kuwachoma sindano.

Mzee wa Uamsho, Kagera

Mama Nesi amesema la msingi, nami sitalirudia. Mimi ni Mlutheri, na nilikunywa rubisi, pombe ya ndizi ya kwetu, na vikali kwa miaka 20. Nimeacha tangu mwaka 1987.

Uamsho, lile vuguvugu la Wakristo la kutubu na kuokoka lililotoka Gahini, Rwanda, uliingia kwetu Bukoba kupitia Uganda mwishoni mwa miaka ya 1930, na wazee wetu waliokoka kwa kutubu hadharani. Wengi huikumbuka ile toba ya kwanza, yenye machozi na ushuhuda. Iliyonisaidia mimi ni toba ya kila wiki. Tulikutana watu kama 12, na kila mmoja alisema jinsi alivyotembea tangu tulipoachana. Mwaka wa kwanza nilisema mara nne kwamba nimekunywa. Hakuna aliyeninyang'anya kiti. Ndugu mmoja alianza kunipitia kazini kila jioni ili tupite pamoja mbele ya kilabu cha pombe, na alifanya hivyo kwa miezi saba bila kunihubiria neno moja.

Kwa hiyo, kijana wangu, usiniulize kama dini hupunguza pombe. Niulize ni nini hufanyika katika kusanyiko siku mtu anapoanguka. Mahali ambapo ushuhuda hutolewa mara moja na kupigiwa makofi, aliyeanguka hana mlango wa kurudia. Hata kile chama cha walevi wanaojiponya kilichoanzishwa na Wamarekani wawili mjini Akron mwaka 1935 kilikopa mengi kutoka katika kundi la kidini lililokuwa na desturi ya kuungama wao kwa wao, na wanachama wake hujitaja kuwa walevi hata baada ya miaka 30 bila tone. Naamini ukweli huo wa kila mkutano ndio unaowashikilia.

Mwana wa Kihambani

Shikamoo mzee, shikamoo mama. Mwalimu na ndugu yangu wa Tanga, nawashukuru sana. Nilikuja nikitaka kujua kama nimrudishe kanisani au nimwache, na sasa ninaona kwamba nililianzia katikati.

Nilizungumza na mdogo wangu jana usiku. Amekubali twende hospitali Alhamisi, na hadi siku hiyo sitamzuia kwa nguvu, kama Mama Nesi alivyoonya. Nilimsomea maneno ya mzee, pale aliposema alikiri mara nne katika mwaka wa kwanza. Aliniomba nimsomee mara ya pili. Habari za kanisa lake sikuzigusa. Mama yetu mzazi naye amepiga simu kutoka nyumbani, akasema akitoka hospitali aletwe Rombo akae naye, na kwamba kwa muda wote atakaokuwepo, mbege haitaingia katika nyumba ile, hata Jumapili.