Health Education Council na Authority ya Uingereza ni kitu kimoja?

Wakuu, niko Masasi, nafundisha elimu ya afya vijijini. Makabrasha ya zamani ya zahanati, moja limeandikwa Council, jingine Authority. Kulikoni?

Mzee wa Mikindani: Ni viwili, mwanangu. Kwanza kulikuwa na Central Council for Health Education, 1927. Health Education Council ikaja 1968, na ndiyo iliyotoa lile bango la mwanaume mjamzito, 1970. Jamaa kavaa sweta, tumbo hiloo, kaliwekea mkono, anaulizwa kama angekuwa mwangalifu zaidi iwapo yeye ndiye angebeba mimba. Libandike hapa kwetu uone, barazani kahawa itapoa! Ikavunjwa 1987. Ikiwa inafungasha virago ikatoa ripoti kwamba maskini wanatangulia kaburini; mkutano na waandishi ukafutwa dakika za mwisho. Mimi sioni ajabu, ukweli huo hauna mwenyeji. Authority ikashika usukani, na kampeni za UKIMWI juu yake.

Binti Newala: Nayo ikaishia 2000, ikaja Health Development Agency, 2005 ikamezwa na NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya afya na tiba. Uskoti walikuwa na chombo chao.

Muulizaji: Shikamoo mzee, ahsante dada. Kabrasha la Council linahusu sigara, nitalipiga picha.