Rahma anataka vespa: gumzo la ukoo

Rahma: Assalaam alaykum nyote. Shikamoo bibi, shikamoo ami. Nimepata kazi Malindi, hapa Unguja mjini, naanza mwezi ujao inshaallah. Kugombania daladala kila asubuhi siwezi. Kuna vespa inauzwa Mwanakwerekwe, hii hapa. [picha]

Bibi: Marahaba mwanangu. Mashaallah, Mungu akuzidishie.

Mama Rahma: Si tulisema tutazungumza kwanza nyumbani?

Nassor (Maskati): Hongera dada! Inang'ara hiyo, kama imetoka dukani jana.

Ami Saleh: Marahaba Rahma, hongera sana. Hiyo ni PX, vespa nzuri, na kwa safari ya Bububu mpaka Malindi inatosha na kubaki. Lakini huko kung'ara ndiko kunakonitia wasiwasi. Usitoe hata shilingi mpaka umeitizama chini.

Rahma: Chini wapi ami? Injini inawaka vizuri, nimesikia mwenyewe.

Ami Saleh: Injini siiogopi. Injini inafunguliwa, inabadilishwa pistoni na ringi, maisha yanaendelea. Naogopa bati. Pikipiki ya kawaida ina fremu ya mabomba, na vilivyobaki vimefungwa juu yake. Vespa haina fremu. Lile bati lenyewe ndilo fremu, tangu ya kwanza kutoka kiwandani Italia mwaka 1946. Sasa sisi tunaishi pwani, chumvi iko mpaka kwenye upepo. Maji yanaingia chini ya zulia la kuwekea miguu, yanakaa, kutu inakula kutokea ndani. Mtu akitaka kuuza anapiga puti ya kuziba palipooza, anapiga rangi, anakutumia picha.

Ami Saleh: Chukua sumaku ndogo, hata ile ya mlango wa friji. Ifunge kitambaa usimkwaruzie mtu rangi. Pitisha polepole sakafu yote, hasa karibu na pedeli ya breki na pale sakafu inapopanda kuelekea kwenye sukani. Penye bati sumaku inashika. Penye puti nene inaanguka. Halafu inua zulia, gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima linalia, lililooza linajibu kwa sauti nzito iliyokufa.

Suleiman: Ami shikamoo. Mie nasema anunue baiskeli. Bububu mpaka Malindi ni kama kilomita 10, barabara tambarare. Hakuna petroli, hakuna bima, hakuna kusubiri mafuta yakiadimika.

Mama Rahma: Suleiman umesema la maana.

Rahma: Nifike kazini nimelowa jasho? Na buibui kwenye mnyororo?

Suleiman: Zile za kike za zamani zina kasha la mnyororo, limeufunika wote. Nguo haigusi.

Bibi: Babu yenu alikuwa na Raleigh, breki zake za vyuma, si za waya. Akipakia pakacha la samaki nyuma anatoka Mtoni mpaka huko mashamba kabla jua halijapanda. Ile baiskeli ilisomesha watu.

Ami Saleh: Marahaba Suleiman. Bibi, naikumbuka sana, na kengele yake. Breki zile za vyuma zilikuwa na raha yake, hakuna waya wa kukatika wala kuota kutu ndani ya mpira.

Mie vyote viwili navipenda na siwezi kumwambia mtoto achague kimoja achukie kingine. Ila Suleiman umesahau upepo. Ukitoka Bububu kwenda mjini unaelekea kusini. Miezi ya kusi, tuseme Mei mpaka Septemba, upepo unakupiga kifuani unapokwenda kazini na unakusukuma unaporudi. Kaskazi ikiingia, kuanzia Disemba hivi, mambo yanageuka, unakwenda mjini kwa raha na kurudi jioni umechoka ndipo unapopigana nao. Mwendo wa baiskeli kwa sehemu kubwa ni kupigana na upepo, ukiongeza kasi kidogo tu unautia mguu kazi kubwa zaidi. Dawa ni kutoka mapema. Alfajiri upepo bado umelala.

Suleiman: Kweli ami. Mwezi wa saba nilikwenda Makunduchi, kusi yote usoni. Kurudi nilikuwa naruka tu.

Nassor (Maskati): Huku joto la mwezi wa sita hata baiskeli ya bure huipandi mchana. Ami, kwa nini asichukue hizi skuta za otomatiki? Hazina gia wala klachi, unabana tu unakwenda.

Ami Saleh: Si mbaya Nassor, nyepesi na hazili mafuta mengi. Lakini nyingi bodi yake ni plastiki, ikipasuka hakuna fundi wa kuichomelea. Na ndani zinakwenda kwa mkanda, ukikatika njiani umesimama. PX anaijua kila fundi wa hapa kwetu, na ina tairi la akiba limejificha chini ya kasha la kushoto. Aliyebuni vespa ya kwanza, D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, ndiyo maana tairi la mbele limeshikwa upande mmoja tu, mithili ya gurudumu la ndege. Unafungua nati, linatoka. Mbele na nyuma tairi ni saizi moja. Rahma nitakufundisha, na utabadilisha mwenyewe bila kumsubiri mwanamme yeyote barabarani.

Rahma: Hapo umenipata ami 🙏

Mama Rahma: Na leseni? Na helmeti?

Ami Saleh: Hayo hayana mjadala dada. Leseni kwanza, na helmeti anavaa hata akienda dukani Mtoni. Yule wa nyuma pia.

Rahma: Ami niko hapa kwa muuzaji sasa hivi. Inatoa moshi wa buluu. Anasema ni kawaida.

Ami Saleh: Ikiwa baridi, kidogo, sawa. PX inachanganya oili na petroli, mililita 20 kwa kila lita, kwa hiyo lazima ifuke. Iache iwake dakika kumi. Moshi ukipungua, nzuri. Ukiendelea mzito vilevile, huenda sili ya krenki, ile pete ya mpira ya kuzuia oili isipite, imekufa na injini inanyonya oili ya giaboksi. Hilo linatengenezeka, ila inabidi injini ishushwe, na bei ishuke pamoja nayo. Sumaku je?

Rahma: Ninayo. Ngoja.

Suleiman: Tunangoja sote.

Rahma: Kushoto yote imeshika. Mbele imeshika. Kulia karibu na pedeli ya breki imeanguka. Nimeirudisha, imeanguka tena. Pana ukubwa wa kiganja changu. Nimegonga, sauti ni ile uliyosema.

Mama Rahma: Subhanallah.

Nassor (Maskati): Angeinunua hiyo!

Ami Saleh: Umefanya vizuri sana mwanangu. Pale ndipo pedeli imefungwa. Bati likiachia siku unakanyaga breki kwa nguvu, pedeli inazama na breki ya nyuma huna. Mshukuru muuzaji kwa adabu, usibishane naye, pengine na yeye aliuziwa hivyo hivyo. Ondoka.

Rahma: Nimeondoka. Nimesikitika lakini.

Ami Saleh: Usisikitike. Kuna mzee mmoja Chukwani ana PX ya bluu, rangi imechujuka, kasha la kulia lina mbonyeo, mtu akiipita hageuki kuitizama. Nimeiona chini. Bati lake la asili, halijaguswa na puti. Anaifuta kila ikinyeshewa na haijalala nje hata usiku mmoja. Nitampigia leo baada ya Ijumaa.

Suleiman: Na mpaka hapo achukue baiskeli yangu ya pili. Nimeshaisafisha mnyororo, nimetia tone moja la oili kwa kila kiungo. Tairi zimejaa.

Bibi: Ina kengele?

Suleiman: Ina kengele bibi.

Mama Rahma: Saleh, akipata hiyo ya Chukwani nataka kwanza uipande wewe mpaka Bububu, nikuone na macho yangu.

Ami Saleh: Inshaallah dada. Jumamosi asubuhi. Rahma, njoo na suruali ndani ya buibui na viatu vya kufunga, utaanza na klachi hapohapo uwanjani.