Aliyeiba pampu yangu amepewa huduma kwa jamii: mwenye mali ana nafasi gani katika adhabu?

Mkulima wa Ahero

Hamjambo ndugu zangu. Mwezi wa Machi, kijana wa miaka 22 niliyezoea kumpa vibarua vya kupalilia mpunga aliiba pampu ya maji niliyoinunua kwa shilingi 38,000, akamuuzia mtu ambaye hadi leo hajapatikana. Alikamatwa, akafikishwa mbele ya hakimu, akakiri kosa. Hakimu aliagiza ripoti ya afisa wa probesheni, yaani afisa wa serikali anayewachunguza na kuwasimamia wakosaji wasiopelekwa jela, na baada ya wiki mbili akamwamuru kijana atoe huduma kwa jamii kwa miezi 6, akifagia na kufyeka nyasi katika zahanati ya hapa kwetu. Mimi sikuitwa kusema lolote. Habari za hukumu nililetewa na jirani.

Sitaki kijana huyo aozee katika gereza la Kodiaga, kwa maana mama yake namjua na tunasali kanisa moja. Hata hivyo, nimekodi pampu ya watu msimu mzima, na kila niendapo zahanati namkuta na fyekeo mkononi, akanisalimia kama kwamba hatudaiani chochote. Naomba wenye ujuzi wanieleze adhabu ya namna hii inakusudia nini, na kama mwenye mali ana nafasi yoyote ndani yake.

Wakili, Nakuru

Pole sana, mama. Wizi wa kawaida, chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, una kifungo kisichozidi miaka 3, na sheria ya huduma kwa jamii ya mwaka 1998 inamruhusu hakimu kuagiza kazi isiyo na malipo kwa makosa ya kiwango hicho. Kwa hiyo hakimu hakutoka nje ya sheria.

Kuhusu makusudi, mwongozo wa utoaji adhabu ambao Idara ya Mahakama iliutoa mwaka 2016 uliyataja kadhaa: mkosaji alipe kwa alilotenda, yeye na wengine waogope kurudia, arekebike, jamii ilindwe, kosa lilaaniwe hadharani, na aliyekosewa atendewe haki kwa njia ya maridhiano. Makusudi hayo huvutana, na kazi ngumu ya hakimu ni kupima lipi lina uzito katika kesi iliyo mbele yake. Kwa kijana anayekosa mara ya kwanza na akakiri mapema, kurekebishwa huwa mbele, na mimi naona hivyo ndivyo inavyofaa.

Pengo ninaloliona katika kesi yako ni fidia. Kifungu cha 31 cha Kanuni hiyo hiyo kinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru mkosaji amlipe aliyemuumiza, ama pamoja na adhabu nyingine ama badala yake. Isitoshe, sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathiriwa inakupa haki ya kusikilizwa na ya kudai fidia kwa mkosaji. Afisa aliyeandika ripoti alipaswa kukufikia, na kiongozi wa mashtaka alipaswa kukuarifu siku ya hukumu. Hilo lina uzito kuliko kama kijana alistahili miezi 6 au 12.

Muuza duka, Webuye

Namheshimu wakili, ila sikubaliani naye kwamba kurekebishwa kutangulie. Huku kwetu, watu wakiona mwizi amerudi kijijini jioni ile ile, hawaulizi hakimu alipima nini. Wanasema mahakama imemwachilia, na mwizi anayefuata hafiki hata kituo cha polisi, kwa sababu wanamchoma. Nimeona majivu barabarani asubuhi, na aliyekufa alikuwa ameiba kuku. Adhabu isiyoonekana kuwa adhabu inawaua wezi wenyewe.

Mwalimu mstaafu, Vihiga

Ndugu wa Webuye, jambo ulilolisema ni zito na sitalipuuza. Lakini jela ndiyo adhabu isiyoonekana: mtu hupandishwa lori, wanakijiji wasimwone tena hadi arudi. Nilimfundisha kijana mmoja aliyeshindwa kulipa faini ndogo kwa wizi wa baiskeli, akafungwa pamoja na wanyang'anyi waliokuwa na kesi nzito. Aliporudi hakuna aliyemkubalia hata kibarua, na alikuwa amejifunza mengi ambayo sisi walimu hatukumfundisha. Mwenye pesa kwa kosa kama lile angelipa na kula chakula cha mchana nyumbani kwake.

Kijana wa Ahero anafyeka mbele ya macho ya watu wote waliomlea. Kasoro ni kwamba hakuna aliyewaeleza watu hao kuwa hiyo ni adhabu iliyochukua nafasi ya jela, na kwamba akikaidi atarudishwa kwa hakimu na anaweza kupewa adhabu nyingine. Chifu angelitangaza hilo katika baraza, hasira unayoiogopa ingepungua.

Mkulima wa Ahero

Asanteni nyote. Mwalimu, kwa kweli mimi mwenyewe sikujua kuwa kazi ile imechukua nafasi ya jela. Wakili, je, nimechelewa kudai fidia?

Wakili, Nakuru

Hujachelewa, mama. Unaweza kumwandikia kiongozi wa mashtaka ukimwomba apeleke suala hili Mahakama Kuu, ambayo chini ya kifungu cha 362 cha sheria ya mwenendo wa mashtaka ya jinai inaweza kuitisha faili na kuchunguza kama amri ilikuwa halali na ya kufaa. Njia nyepesi zaidi ni mahakama ya madai madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Huko hutahitaji kuthibitisha wizi upya, kwa kuwa muda wa rufaa ukishapita, hukumu ya jinai ni ushahidi tosha kwamba alitenda kosa hilo.

Kabla ya yote, mwone afisa wa probesheni. Kijana asiye na kitu akiamriwa kulipa mara moja, utabaki na karatasi tu.

Mkulima wa Ahero

Nimeelewa, wakili. Jumatatu nitakwenda kwa afisa huyo nikiwa na risiti ya pampu. Nitapendekeza kijana arudi kwangu siku ambazo hana zamu zahanati, apalilie kama zamani, na nusu ya ujira wake niwe nikiukata hadi deni liishe. Mama yake amesema atanisindikiza.