Kulala kwenye hema juu ya korongo la Kalambo

Wakuu, mwezi wa sita tunatoka Dar na washkaji kwenda maporomoko ya Kalambo kule Rukwa, tunataka kupiga kambi juu karibu na korongo, umeme hamna, bomba hamna, tubebe nini?

Mkuu, hema liwe mbali na ukingo jamani, maporomoko yenyewe yanashuka zaidi ya mita 200 na usiku giza totoro. Masweta pia, kule sio Kariakoo.

Maji ya kunywa na mkaa bebeni Sumbawanga mjini, halafu asubuhi chungulieni kwenye miamba, kuna wale ndege wakubwa wenye kipara na mfuko shingoni wanazalia humo, unawaona wanaruka chini yako kabisa, raha sana!

Kibali waulizeni TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) kabla hamjaondoka.