Nati moja ya katikati kwenye 911 GT3: kufungua, kufunga, na chumvi ya bahari Tanga

FundiChumbageni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wa wenye kuzijua rimu za nati moja ya katikati. Gari ni Porsche 911 GT3, bodi ya 991, linalala Raskazone, hatua chache tu kutoka baharini. Kazi yenyewe ni kubadilisha pedi za breki za mbele, lakini rimu hazijatoka muda mrefu na kuizunguka nati ya mbele kushoto kuna ukungu mweupe kama chumvi iliyoganda. Soketi yake maalumu ipo kwenye vifaa vya gari. Toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) iliyopo gereji inaishia Nm 300 (niutoni mita).

Je, mashine ya upepo inafaa kufungulia? Nati inakazwa Nm ngapi, na kuna namna ya kufika huko kwa renchi ya 300? Grisi inapakwa wapi? Tena gari likifunga breki polepole upande huo unalia "krii", na beringi imepimwa, haina mchezo.

BintiSahare

Kaka, weka kando hiyo renchi ya 300. Nati hiyo inakazwa Nm 600, wakati bolti za kawaida za 911 yenye bolti tano ni Nm 160 kila moja. Nati moja inabeba kazi ya zote tano. Unahitaji toki renchi ya robo tatu inchi inayofika Nm 600 au zaidi, yenye mpini wa mita moja na kuendelea. Kwa mpini wa mita 1 unasukuma nguvu sawa na kilo 61 hivi, wa mita 1.2 kilo 51. Kuunganisha bomba kwenye renchi yako ya 300 ni kuiharibu bure na kipimo usikipate, maana urefu ukibadilika, namba ile haina maana tena.

Kufungua. Usitumie mashine ya upepo. Sababu ni mbili. Kwanza inagongagonga meno ya nati, na nati hizi ni alumini iliyopakwa rangi ngumu. Rangi ikitoka, kutu inaingia na msuguano unabadilika. Pili, katikati ya habu (kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake) kuna kufuli ya usalama yenye springi. Soketi ikiingia sawasawa hadi mwisho inaisukuma ndani, ndipo nati inakuwa huru kuzunguka. Ukiweka soketi nusunusu halafu ukapiga mashine, unavunja meno ya kufuli.

Gari likiwa bado chini, toa kifuniko cha katikati na uoshe eneo lote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kausha. Hiyo chumvi ukiisukuma ndani na soketi inageuka msasa kwenye hesi. Weka kabari magurudumu mawili ya upande wa pili, mbele na nyuma. Msaidizi akae ndani akanyage breki kwa nguvu. Mpini mrefu wa soketi wa mita 1.5 unatosha kufungulia. Toki renchi haifungulii kitu.

Sasa hapa ndipo watu wanapoharibu: soketi ni nzito, imetokeza nje, na mpini unaivuta iende upande. Weka stendi chini ya shingo ya soketi, uipandishe hadi iishike iwe imelala sawa kabisa. Ikiinama hata kidogo inateleza na kukwangua nati, au mpini unaruka na kukuvunja mkono. Legeza robo mzunguko tu, basi. Kisha ndiyo unapiga jeki, na Raskazone ni mchanga, kwa hiyo weka ubao wa inchi 2 chini ya jeki na chini ya stendi pia. Usiingize hata mkono kabla stendi haijabeba uzito.

Nguvumali_Toki

Dada kasema sawa. Naongeza kuhusu rimu iliyogoma. Ukishatoa nati ukakuta rimu haisogei, rudisha nati hesi tatu au nne kwa mkono, ndipo ugonge. Rimu ikiachia ghafla inasimamia nati badala ya kudondoka na kuvunja disku. Kama gari lina disku za seramiki (kalipa za njano) hili ni la lazima, kwa kuwa ukingo wa disku ukiguswa na rimu unakatika kipande, na disku moja ni bei ya gari dogo. Vaa subira: paka mafuta ya kulegeza kutu kidogo sana kwenye duara la habu, ukiwa umefunika disku kwa nailoni, subiri dakika 20, kisha gonga upande wa ndani wa tairi kwa nyundo ya mpira, ukizungusha gurudumu kila mara. Moto hapana. Alumini ya rimu inapoteza ugumu wake na grisi ya beringi inayeyuka.

Kuhusu grisi, mimi hupaka kila mahali: hesi, koni (sehemu ya nati yenye mteremko inayobana rimu), pini za habu zinazoingia kwenye matundu ya rimu, na uso wote wa habu. Haitaganda tena.

BintiSahare

Hapo mwisho naomba nikusahihishe, kaka Nguvumali, maana mtu akifuata ataumia. Uso wa habu na uso wa nyuma wa rimu unabaki mkavu na safi. Rimu haishikiliwi na pini. Inashikiliwa na msuguano wa nyuso hizo mbili zinazobanwa na nati. Ukizipaka grisi, rimu inaanza kuteleza kidogokidogo kila ukikanyaga breki, mzigo unahamia kwenye pini, na matundu ya pini kwenye rimu yanatanuka yanakuwa ya yai. Rimu hiyo haifai tena.

Panapopakwa ni hesi za habu na nati, na koni ya nati mahali inapogusa rimu. Tumia pasta ya alumini, Optimoly TA ndiyo inayotajwa na mtengenezaji. Tabaka jembamba tu, rangi ya kijivu ionekane lakini isijae kwenye mashimo ya hesi. Pasta ya shaba iache, kwa sababu shaba na alumini vikikutana na hewa ya chumvi kama yetu, alumini inaliwa haraka. Grisi ya beringi nayo hapana: inabadilisha msuguano, halafu renchi inasoma Nm 600 huku nguvu ya kubana ikiwa nyingine kabisa.

Nguvumali_Toki

Nimekuelewa, dada, na ninaondoa ushauri ule. Basi niseme kufunga.

Safisha uso wa habu kwa brashi ya nailoni, siyo ya waya. Kisha futa kwa tambara lenye dawa ya kusafishia breki hadi tambara litoke jeupe. Kwenye nati angalia pete ya koni: ni kipande tofauti, lazima izunguke kwa kidole. Ikiwa imekwama, nati inaisaga rimu badala ya kuibana. Bonyeza kufuli ya habu kwa kidole pia. Iingie na irudi yenyewe kwa kishindo kidogo. Ikirudi kwa uvivu, kuna grisi iliyokauka na mchanga. Ioshe kwa dawa ya breki, usiijaze grisi mpya.

Pandisha rimu pini zikiwa zimelenga matundu. Anzisha nati kwa mkono, hesi tatu nne, bila kulazimisha. Halafu soketi na mpini hadi ishike. Shusha gari mpaka tairi liguse ardhi na kushikwa kidogo tu, uzito wote usikae juu yake, maana uzito ukikaa rimu inabanwa ikiwa imeegemea upande mmoja. Msaidizi akanyage breki. Kaza Nm 600. Kisha legeza robo mzunguko. Kisha kaza tena Nm 600. Hiyo mara ya pili si mapambo: mara ya kwanza inakaza huku koni ikiwa bado inatafuta makao yake na pasta ikiwa haijaenea, kwa hiyo sehemu ya nguvu inaliwa na msuguano. Mara ya pili ndiyo inayobana kwa kipimo.

Toa soketi, chungulia katikati: kufuli imeruka nje? Ikibaki ndani, meno hayajakutana. Kaza zaidi kidogokidogo hadi iruke. Usirudishe nyuma kamwe kuitafuta.

Kwa matoleo ya zamani zaidi, kama 997 ya 2009 na kuendelea, soma kitabu cha gari lenyewe na masahihisho yake kabla ya kukaza, maana kipimo kilibadilishwa njiani. Na magari mengine, kama Carrera GT, nati za kushoto ni nyekundu na za kulia ni bluu, hazichanganywi.

FundiChumbageni

Nashukuru sana wote. Rimu imetoka leo asubuhi, ilihitaji nyundo ya mpira na dakika 40 hivi. Nimekuta mambo haya: kwenye kiti cha koni, upande wa rimu, kuna unga mweusi wa kijivu, laini kama masizi ya kibatari. Koni ya nati ina alama mbili zinazong'aa, kila moja upana wa kucha, upande mmoja tu. Kwingine rangi ni nzima. Matundu ya pini ni mviringo bado. Pete ya koni inazunguka kwa shida.

BintiSahare

Hapo "krii" yako imejieleza. Unga ule ni alumini iliyosagika: nyuso zilikuwa zinasuguana kwa kiasi kisichoonekana kwa macho. Na alama upande mmoja zinasema nati ilikazwa uzito wa gari ukiwa juu ya gurudumu, au pete ya koni ilikwama na kubana kwa pembe.

Nati hiyo ibadilishe. Rangi ikishatoka kwenye koni haitengenezwi kwa msasa wala rangi ya kopo. Kwa rimu, futa unga wote, pitisha ukucha kwenye kiti cha koni. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, rimu iende kwa mtu mwenye kipimo cha kina, isirudi kwenye gari. Ikiwa laini, inafaa. Magurudumu matatu yaliyobaki yafungue pia uyaangalie, hata kama hayalii.

Na kwa hewa ya Tanga, usingoje pedi ziishe. Fungua, safisha na upake upya kila miezi sita, na kila linapotoka kuendeshwa ufukweni lioshwe habu kwa maji baridi siku hiyohiyo, siyo kwa mashine ya shinikizo iliyoelekezwa katikati, maana inaingiza chumvi nyuma ya kifuniko.

Bagamoyo_Kaole

Samahani kuingilia kati. Huku kuna Subaru imefungwa sahani za kugeuza bolti tano kuwa nati moja. Kanuni ni zilezile?

Nguvumali_Toki

Mkuu, huko kuna viungo viwili badala ya kimoja. Sahani inafungwa kwenye habu kwa nati tano za kawaida, halafu nati kubwa inafunika juu. Hizo tano zikilegea huzioni, na watu wanakaza ya nje kila wiki huku kinachocheza kiko ndani. Toa rimu, kaza zile tano kwa kipimo cha gari, endesha kilomita 50 hadi 100, toa rimu tena, zipime tena, ndipo uzifunike. Nati kubwa ikazwe kwa kipimo cha aliyeitengeneza sahani, siyo Nm 600 ya Porsche, kwa sababu hesi zake hazikuundwa kwa nguvu hiyo. Sahani pia inalisukuma gurudumu nje, kwa hiyo beringi itachoka mapema: inua gari, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta kila mwezi.

Na wote wawili, chora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye rimu baada ya kukaza. Asubuhi kabla ya kuwasha gari utazame. Mstari ukikatika hata milimita 2, gari halitoki hadi lifunguliwe.

FundiChumbageni

Nati mpya imeagizwa, na toki renchi ya Nm 800 nimepata ya kuazima kwa watu wa malori hapa mjini. Gari linabaki juu ya stendi mpaka nati ifike. Ahsanteni sana.

BintiSahare

Sawa kaka. Kabla ya kuitumia hiyo renchi ya malori waulize lini ilipimwa mara ya mwisho, na kama huwa wanairudisha kwenye namba ya chini kabisa wakimaliza kazi. Ikilala imekazwa miezi, springi inachoka na Nm 600 yake itakuwa pungufu.