Mbona rumba ya Kongo inafanana hivi na nyimbo za Kuba?

Mpenda Dansi: Ndugu zangu, nimekua nikisikiliza santuri za baba, nami niliamini kwamba rumba ilizaliwa Kongo. Juzi nimesikia «El Manisero» ya bendi ya Don Azpiazú wa Kuba, iliyorekodiwa mwaka 1930, nikashtuka kwa kuwa mwendo wake nilikuwa nikiujua tangu utotoni. Ni nani aliyechukua kwa mwenzake?

Fundi Gitaa: Ndugu, muziki huu ulisafiri mara mbili. Watu waliotekwa Afrika ya Kati na kupelekwa utumwani Kuba walikwenda na ujuzi wao, na ulipokutana na gitaa na mashairi ya Kihispania, mashariki mwa kisiwa hicho ukazaliwa mtindo wa muziki uitwao son. Besi ya son ya zamani ilipigwa kwa marímbula, sanduku la mbao ambalo mpigaji hulikalia huku akidonoa vipande vya chuma. Kwa hakika ni likembe ya Kongo, ile ala ndogo ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, iliyokuzwa. Kisha, kuanzia mwaka 1933, santuri za Kuba zenye alama ya GV zikaanza kuuzwa Afrika, na vijana wa Léopoldville (Kinshasa ya leo) na Brazzaville wakazipokea kama barua ya jamaa aliyepotea. Walichoongeza ni kikubwa: kazi ambayo Kuba hufanywa na piano, wao waliikabidhi kwa magitaa. Naomba pia tuwe waangalifu na jina, kwa sababu nyingi ya nyimbo zilizouzwa kwa jina la rumba zilikuwa son. Rumba ya Kuba yenyewe ni ya ngoma, vijiti na sauti za waimbaji.

Binti wa Morogoro: Hapa kwetu marehemu Salum Abdallah aliiita bendi yake Cuban Marimba. Jina hilo linasema wazi masikio yake yalielekea wapi.

Mwalimu wa Ngoma: Marekani nayo ilichota humo humo. «Louie Louie» ya Richard Berry, ya mwaka 1957, ilichukua kiini chake kutoka cha-cha-cha iliyopigwa na René Touzet, Mkuba. Ukitaka kujihakikishia, gonga clave, yaani mapigo matatu yakifuatwa na mawili, juu ya wimbo «Bo Diddley» wa mwaka 1955, ambao mwanamuziki Bo Diddley wa Marekani aliuita kwa jina lake mwenyewe.

Mpenda Dansi: Nashukuru sana, Mwalimu. Nimegonga mezani kwa kijiko tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na mapigo yote matano yamekaa mahali pake.